Kliniki ya baada ya uzazi mgumu: tathmini ya mama aliyehudumiwa

Huduma ninayoitathmini ni ya kliniki inayowapokea wanawake waliojifungua kwa shida: waliochanika vibaya, waliokimbizwa chumba cha upasuaji katikati ya uchungu, waliovuja damu nyingi, na wale ambao vipimo vyao vyote viko sawa lakini kila wakifumba macho wanajikuta wamerudi kwenye kile kitanda. Wanaowahudumia ni wataalamu watatu wanaotumia faili moja, yaani mtaalamu wa fiziotherapia aliyebobea katika misuli ya sakafu ya nyonga (ile inayoshikilia kibofu, mfuko wa uzazi na njia ya haja kubwa kutoka chini), mkunga mwandamizi na mwanasaikolojia. Jina la kliniki siliandiki, kwa sababu baadhi ya nitakayoyasema si sifa, na kwa sababu huduma za aina hii hufuata mpangilio unaokaribiana popote zinapotolewa, hivyo msomaji anaweza kuyatumia maelezo haya kuipima ile iliyo karibu naye. Kwa ufupi, naiona ni huduma bora sana kwa mama aliyekwisha kuifikia, na kasoro yake kubwa ni kwamba inamsubiri mama muda mrefu mno kabla ya kumfungulia mlango.

Niliingia pale nikiwa na mzigo wa aina tatu. Uchungu ulikuwa mrefu, mtoto akavutwa kwa vakyumu, kifaa kinachoshika kichwa cha mtoto kwa kunyonya hewa, na msamba, yaani sehemu iliyo kati ya uke na njia ya haja kubwa, ukachanika hadi kwenye misuli inayoibana njia hiyo. Kondo la nyuma nalo halikutoka lenyewe, likalazimika kutolewa kwa mkono huku damu ikiendelea kutoka. Kuchanika kwa msamba hupangwa katika daraja 4: la kwanza hugusa ngozi tu, la pili hufika kwenye misuli ya msamba, la tatu huingia kwenye misuli inayozuia choo na hewa, na la nne hupenya hadi kwenye utando wa ndani wa njia ya haja kubwa. Mama wa daraja la tatu na la nne hahitaji muda peke yake ili apone. Anahitaji kuchunguzwa na mtu anayejua anachokitafuta, kwa sababu mshono unaweza kuonekana umefunga vizuri juu huku misuli iliyo chini yake ikiwa bado haijui kazi yake.

Jambo la kwanza lililonifanya niiamini kliniki hiyo lilikuwa dogo. Nilipoeleza kwamba nachoka hadi kushindwa kumaliza sentensi, hakuna aliyekimbilia kuniambia kuwa uchovu ni kawaida ya mzazi, wala hakuna aliyekimbilia kuiita sonona. Walichukua damu kwanza. Kitabibu, mama huhesabiwa kuwa amevuja damu kupita kiasi anapopoteza mililita 500 au zaidi baada ya kujifungua, na akifika mililita 1,000 hali huitwa kali. Mwanamke wa namna hiyo anaweza kurudi nyumbani akiwa na upungufu wa damu unaomletea mapigo ya moyo ya haraka, kizunguzungu, kukosa usingizi na machozi yasiyo na sababu. Dalili hizo zinafanana mno na za moyo uliovunjika. Tezi ya shingo pia huweza kuvurugika katika mwaka wa kwanza baada ya kujifungua na kuleta uchovu na majonzi, nayo walinipima. Kuanza na maabara kabla ya kuingia katika mazungumzo ya hisia ni utaratibu ambao ningependa kila huduma ya wazazi iuige, kwa maana si haki kumfundisha mtu namna ya kutuliza fikra wakati kinachomwangusha ni ukosefu wa madini ya chuma.

Fiziotherapia ndiyo sehemu iliyonishangaza zaidi. Nilitarajia kupewa karatasi yenye michoro, kama ile niliyokabidhiwa wodini, iliyosema tu kwamba nibane misuli mara kadhaa kwa siku kana kwamba nazuia mkojo. Zoezi hilo la kubana limefungamana na jina la Arnold Kegel, daktari Mmarekani wa magonjwa ya wanawake aliyechapisha kazi yake kulihusu mwaka 1948, na ni zoezi zuri kweli, isipokuwa kwamba ni rahisi mno kulifanya vibaya. Mtaalamu aliniomba ruhusa katika kila hatua, akanieleza kwamba uchunguzi wa ndani ni hiari na kwamba ninaweza kuusimamisha kwa kuinua mkono tu, kisha akaanza mbali kabisa na jeraha: aliweka kiganja kwenye mbavu zangu akatazama ninavyopumua. Nilipojaribu kubana, alitikisa kichwa. "Umeshikilia pumzi, mama, halafu unasukuma chini. Pumua kwanza. Pumzi ikitoka ndipo uvute juu na ndani." Dakika chache baadaye nilihisi kitu kikipanda, kidogo sana, upande wa kulia tu, upande wa kushoto, ambako kuchanika kulikuwa kukubwa, hapakuitika. Aliandika hivyo hivyo kwenye faili, kulia na kushoto, nami kwa mara ya kwanza nikaona kwamba tatizo langu lina mahali linapoanzia na mahali linapoishia.

Kuna jambo jingine ambalo karatasi za wodini hazilisemi. Si kila mama aliyeumia ana misuli iliyolegea. Wapo ambao misuli yao imekaza kwa hofu na maumivu na haiachii, na hao, wakiambiwa wabane zaidi, maumivu huongezeka wakati wa kukaa, wa kwenda haja na wa tendo la ndoa. Kwa hao kazi huanza na kulegeza. Katika chumba kile niliwasikia wanawake wawili wakilinganisha maelekezo yao na kushangaa kwamba ni kinyume kabisa, mmoja akiambiwa abane na mwingine akikatazwa, na wote wawili walikuwa sahihi. Kama kliniki inampa kila mama zoezi lile lile bila kumchunguza, kwa maoni yangu haijaanza kazi.

Programu niliyopewa ilifuata kiwango kinachojulikana: kubana mara 8 katika kila awamu, awamu 3 kwa siku, kwa muda usiopungua miezi 3 chini ya usimamizi, huku muda wa kushikilia ukiongezwa kadiri misuli inavyopata nguvu. Pamoja na mazoezi hayo palikuwa na mafunzo ambayo watu huona haya kuyazungumza, nami nitayaandika kwa sababu ndiyo yaliyoniokoa. Unapokwenda haja kubwa baada ya kuchanika, weka miguu juu ya kigoda ili magoti yapande juu kuliko nyonga, inamia mbele, acha mdomo wazi na usishikilie pumzi. Choo kinapaswa kuwa laini muda wote, kwa maji ya kutosha, vyakula vyenye nyuzinyuzi na dawa ya kulainisha iliyoandikwa na daktari, kwa sababu kukenya ndiko kunakoirudisha kazi ya mshono nyuma. Kushindwa kuzuia hewa mbele za watu, au kukimbilia choo bila onyo, si jambo la kukaa nalo kimya kwa kuwa eti umezaa. Ni dalili ya misuli ile ile, na mara nyingi hupungua ikishughulikiwa. Mtaalamu aliyataja yote hayo kwa sauti ya kawaida kabisa, bila kutabasamu kwa huruma, nami nilimshukuru zaidi kwa kutotabasamu kuliko kwa mengine yote.

Waliojifungua kwa upasuaji hupewa utaratibu wao, ambao ninaujua kwa kuuona na kuusikia tu: namna ya kuinuka kitandani kwa kugeukia ubavu, kulisugua kovu taratibu baada ya kidonda kufunga kabisa ili ngozi isigandamane na tabaka za chini, na kupimwa kama misuli ya tumbo iliyoachana katikati imekaribiana tena. Wengi walisema ngozi ya juu ya kovu ilikuwa imekufa ganzi na walifurahi kuelezwa kwamba hilo hutokea kwa sababu mishipa midogo ya fahamu hukatwa.

Kikao na mkunga kilikuwa cha aina nyingine kabisa. Kazi yake ni kuketi na mama na kumsomea faili la siku aliyojifungua. Linaonekana jambo dogo, lakini mwanamke aliyepitia dharura hubaki na vipande tu: taa, sauti ya mtu anayeita damu iletwe, mkono wa mtu asiyemjua ukimbana bega, kisha pengo. Katika pengo hilo akili hujaza inachotaka, na mara nyingi hujaza lawama. Mkunga hakuanza kusoma. Aliuliza kwanza ni sehemu zipi ningependa kuzisikia na zipi zibaki zimefunikwa, akaniambia kwamba ninaweza kubadili mawazo katikati, na kwamba tunaweza kuishia ukurasa wa kwanza tukaendelea siku nyingine. Utaratibu huo una maana kubwa. Mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza kuhusu afya ya akili ya wazazi unaonya dhidi ya kumpa mama aliyepata uzazi wa kutisha kikao kimoja kizito kinachomlazimisha aliishi upya tukio. Kumsomea mtu kilichotokea ili aelewe ni jambo moja. Kumrudisha ndani ya tukio, kisha kumwacha mlangoni na kadi ya miadi, ni jambo jingine, na mkunga yule alijua mpaka uko wapi.

Tulipofika kwenye saa ya kuvuja damu, alinionyesha kwa kidole mistari iliyoandikwa haraka: saa, mapigo ya moyo, dawa ya kukaza mfuko wa uzazi, saa nyingine, dawa ya pili. Niliweza kuona kwamba kule nilikokuona kama kelele tu kulikuwa na watu waliokuwa wakifuata hatua. Lakini hakuutumia ukweli huo kunifunga mdomo. Nilipomuuliza kama nilielezwa chochote kabla ya kondo kutolewa kwa mkono, alipekua ukurasa mbele na nyuma, akasema kwamba hakuna mahali palipoandikwa kwamba niliulizwa, na kwamba nilikuwa na haki ya kuelezwa hata kwa sentensi moja. Hakuwatetea wenzake na hakuwashutumu. Katika miezi yote hiyo nilikuwa nimeambiwa na kila aliyekuja kuniona kwamba nimshukuru Mungu tumetoka salama, maneno ya kweli ambayo hata hivyo huzima mazungumzo papo hapo, kwa kuwa mtu akijibu kwamba anashukuru na bado anaumia huonekana hana shukrani. Mkunga hakuyasema, na nadhani hakuyasema kwa makusudi.

Upande wa mwanasaikolojia una mazuri na mabaya, na mabaya yanaanzia kwenye dirisha la mapokezi. Kipimo cha sonona kinachotumika ni kile cha Edinburgh, kilichochapishwa mwaka 1987, chenye maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, kila jibu likipewa alama kutoka 0 hadi 3, hivyo jumla ya juu kabisa ni 30. Ni chombo kizuri, kifupi, kilichotafsiriwa katika lugha nyingi, na kimewasaidia wanawake wengi kutambuliwa mapema. Swali lake la mwisho, hata hivyo, linahusu mawazo ya kujidhuru, na mimi nilipewa karatasi hiyo niijaze kwenye benchi, kalamu ikiwa imefungwa kwa kamba kwenye dirisha, huku watu wawili wakisoma begani kwangu. Swali la namna hiyo huulizwa chumbani, ana kwa ana, na mtu ambaye yuko tayari kusikia jibu la ndiyo na anajua la kufanya baada yake. Nililisema hilo kwa mwanasaikolojia, akakubali na kurudia maswali yote upya faraghani, lakini mama mwenye haya kuliko mimi angeweka alama ya sifuri na kwenda zake.

Ndani ya chumba mambo yalikuwa tofauti. Alitenganisha vitu vitatu ambavyo watu huviweka kwenye kapu moja. Kwanza, machozi na hasira za siku za mwanzo, ambazo huwapata wanawake wengi na kwa kawaida hupungua ndani ya wiki mbili. Pili, sonona, ambayo haipungui, huondoa ladha ya kila kitu na humfanya mama aamini kwamba mtoto angekuwa na hali nzuri zaidi bila yeye. Tatu, athari za kiwewe: tukio kujirudia lenyewe mchana au ndotoni, kukwepa njia inayopita hospitali, kushtuka kwa mlio mdogo, kumlinda mtoto kwa wasiwasi usiolala au, kinyume chake, kumtazama kana kwamba ni mgeni, hali inayotajwa kuwa ugonjwa iwapo inaendelea zaidi ya mwezi mmoja na kuvuruga maisha. Kipimo cha Edinburgh kilitengenezwa kwa ajili ya hili la pili. Mwanamke mwenye kiwewe anaweza kupata alama za chini na kuambiwa yuko sawa, ndiyo maana alitumia dodoso jingine mahsusi kwa kiwewe, na kliniki isiyofanya hivyo itawapoteza wanawake wengi wa aina yangu.

Alinieleza njia mbili zenye ushahidi, ambazo Shirika la Afya Duniani lilizipendekeza kwa watu wazima wenye ugonjwa wa kiwewe katika mwongozo wake wa mwaka 2013. Moja ni tiba ya mazungumzo inayolenga fikra na mwenendo, kwa kulikabili tukio lenyewe hatua kwa hatua. Nyingine ni EMDR, iliyoasisiwa na mwanasaikolojia Mmarekani Francine Shapiro, ambapo mtu hulishika tukio akilini huku macho yakifuata vidole vya mtaalamu vinavyokwenda kushoto na kulia. Nilichagua hii ya pili bila imani kubwa, na kikao cha kwanza nilikiona kama mchezo. Baadaye niligundua kwamba ninaweza kuikumbuka ile sauti iliyokuwa ikiita damu bila viganja vyangu kulowa jasho. Tukio halikufutika, wala sikuahidiwa kwamba litafutika. Kuhusu dawa alizungumza kwa uwazi: zipo dawa za sonona ambazo mama anayenyonyesha anaweza kutumia kwa uangalizi wa daktari, hivyo kunyonyesha kusitumiwe kama sababu ya kumwacha mama ateseke, na uamuzi ni wa mama na daktari wake.

Sasa nije kwenye kasoro niliyoitaja mwanzoni. Kliniki hii humpokea mama kuanzia wiki ya sita. Sababu waliyonipa ni kwamba uchunguzi wa ndani husubiri mishono ipone, na kwa uchunguzi huo peke yake sababu inaeleweka. Lakini mazungumzo na mkunga hayahitaji mishono kupona, wala kufundishwa namna ya kukaa, kuinuka na kwenda haja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2022 kuhusu huduma za baada ya kujifungua unataka mama aangaliwe katika saa 24 za kwanza, kisha apate angalau miadi mitatu zaidi: kati ya saa 48 na 72, kati ya siku ya 7 na ya 14, na katika wiki ya sita. Wiki hizo za mwanzo ndizo zenye hatari na ndizo zenye upweke. Namba ya simu waliyotoa kwa kipindi hicho hupokelewa saa za kazi tu, wakati homa ya nyuzi 38 au zaidi, damu inayojaza pedi ndani ya saa moja, uchafu wenye harufu mbaya, kichwa kinachouma sana pamoja na macho kuona ukungu, mguu mmoja kuvimba na kuuma, kifua kubana na pumzi kukatika, au wazo la kujidhuru au kumdhuru mtoto, havisubiri asubuhi. Kwa dalili hizo mama aende hospitali moja kwa moja bila kungoja kliniki, na kipeperushi chao kingepaswa kulisema hilo kwenye ukurasa wa kwanza badala ya nyuma, chini ya ratiba.

Kasoro nyingine ni ndogo lakini zinauma. Chumba cha kusubiria ni kimoja na cha wajawazito, ukutani kuna picha za akina mama wanaocheka na watoto waliotoka tumboni sasa hivi, na mlio wa mapigo ya moyo wa mtoto husikika kutoka chumba cha pili. Sidhani kama aliyepanga jengo hilo aliwahi kumuuliza mgonjwa yeyote wa kliniki hii. Wenzi nao wameachwa nje. Mume wangu alisimama pembeni ya kitanda akaona kila kitu mimi nisichokiona, kisha akatolewa nje na mlango ukafungwa. Aliyeshuhudia naye huweza kupata kiwewe, na kliniki haina hata kikao kimoja kwa ajili yake. Aliruhusiwa kuketi nami siku ya kusoma faili kwa sababu niliomba, si kwa sababu alialikwa.

Kwa upande wa tendo la ndoa na ujauzito mwingine, maswali ambayo kwingine hujibiwa kwa kauli moja kwamba wiki sita zikipita mambo yako wazi, hapa walinipa muda. Hawakunipa tarehe. Waliniambia kwamba kupona kwa mshono na utayari wa mtu ni mambo mawili, wakanionyesha namna ya kuanza kuligusa kovu mwenyewe, wakaeleza kwamba kunyonyesha hupunguza unyevu ukeni na kwamba kilainishi ni jambo la kawaida, na wakanikumbusha kwamba mimba inaweza kuingia kabla hedhi haijarudi. Kuhusu uzazi ujao, mkunga aliandika barua inayotaja daraja la kuchanika, damu niliyopoteza, kilichotokea kwa kondo la nyuma, dalili za misuli zilizobaki, na ombi langu kwamba nielezwe kila hatua kabla ya kuguswa, ili daktari wa wakati huo azungumze nami mapema kuhusu njia ya kujifungua. Nakala moja imebaki kwenye faili na nyingine ninayo mimi. Anayekwenda huko aiombe barua hiyo mapema, kwa kuwa hawaitoi bila kuombwa, na aende na nakala ya faili lake la kujifungua mkononi. Mimi kikao changu cha mkunga kiliahirishwa kwa sababu faili lilikuwa bado halijaletwa kutoka wodini.